Mtoto aliyezaliwa 2021 na dola 1,400 za kodi: Nani alistahili, nani alikosa

WAZAZI walioishi Marekani na kujaliwa mtoto mwaka 2021 walikuwa na haki ya kudai hadi dola 1,400 kwa ajili ya mtoto huyo, hata kama alizaliwa saa chache kabla ya usiku wa manane wa Desemba 31.

Hata hivyo, kwa wengi wao haki hiyo haikuja yenyewe. Ilitakiwa kudaiwa katika ritani ya kodi ya mwaka 2021, na mlango wa kuidai ulifungwa Aprili 15, 2025. Fedha ambazo hazikuwa zimedaiwa hadi siku hiyo zilibaki kuwa mali ya Hazina ya Marekani.

Suala hilo linawagusa pia wazungumzaji wa Kiswahili waishio nchini humo, wakiwamo Watanzania, Wakenya na wakimbizi kutoka Kongo. Wengi wao wamekulia katika mazingira ambako kodi ya mfanyakazi hukatwa na mwajiri, na si jambo la kawaida kwa mzazi kufikiria kwamba kuzaliwa kwa mtoto kunaweza kumrudishia fedha kutoka serikalini. Nchini Kenya, kwa mfano, nafuu ya sh 2,400 kwa mwezi hutolewa kwa kila mfanyakazi mkazi, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja.

Marekani utaratibu ni tofauti. Huko mtoto ana uzito wake katika hesabu ya kodi, na asiyemwandika huambulia patupu.

Chimbuko la fedha hizo

Katika kipindi cha janga la korona, Serikali ya Marekani ilitoa fedha kwa wananchi kwa awamu tatu ili kuwasaidia kumudu maisha na kuchangamsha uchumi.

Awamu ya kwanza ilitokana na sheria iliyosainiwa Machi 27, 2020. Kila mtu mzima aliyestahili alipewa hadi dola 1,200, na kila mtoto mwenye umri wa chini ya miaka 17 dola 500. Awamu ya pili ilitokana na sheria ya Desemba 27, 2020, iliyotoa hadi dola 600 kwa mtu mzima na kiasi hicho hicho kwa mtoto wa umri huo.

Awamu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, ilikuja baada ya Rais Joe Biden kusaini sheria ya uokoaji wa uchumi Machi 11, 2021. Sheria hiyo ilitoa hadi dola 1,400 kwa kila mtu, pamoja na dola 1,400 kwa kila mtegemezi wa umri wowote, awe mtoto mchanga, mwanafunzi wa chuo kikuu au mzazi mzee anayetunzwa na mwanawe.

Kisheria, fedha hizo hazikuwa zawadi wala mkopo. Zilikuwa nafuu ya kodi iliyolipwa mapema, kabla mwaka wa kodi wenyewe haujamalizika. Hapo ndipo lilipo fumbo la mtoto aliyezaliwa katikati ya mwaka.

Kwa nini mtoto mchanga aliachwa

Ili kulipa haraka, Idara ya Mapato ya Marekani, IRS, ilitumia taarifa ilizokuwa nazo mkononi, yaani ritani ya kodi ya mwaka 2020, na kwa wale ambao ritani hiyo haikuwa imeshughulikiwa, ya mwaka 2019.

Mtoto aliyezaliwa Juni 2021 hakuwamo katika ritani yoyote kati ya hizo. Kompyuta za IRS zilimfahamu baba na mama, pengine na ndugu zake wakubwa, lakini yeye hazikumfahamu. Hundi ilipofika nyumbani, fungu lake halikuwamo.

Sheria, kwa upande wake, haikuangalia hali ya mwaka 2019 wala 2020 katika kuamua haki ya mwisho ya familia. Iliangalia hali ilivyokuwa mwaka 2021. Kwa sababu hiyo, mzazi alitakiwa afanye hesabu mpya alipojaza ritani ya mwaka 2021: aangalie familia yake ilistahili kiasi gani kwa mujibu wa hali halisi, aondoe kile alichokwisha kupokea, kisha adai tofauti. Tofauti hiyo iliandikwa katika mstari wa 30 wa Fomu 1040.

Chukulia mfano wa mume na mke waliopata kipato cha dola 90,000 kwa mwaka 2020 na kiasi hicho hicho mwaka 2021. Masika ya mwaka 2021 walipokea dola 2,800, yaani dola 1,400 kwa kila mmoja. Novemba mwaka huo wakapata mtoto. Haki yao ya mwisho ikawa dola 4,200. Wakiondoa dola 2,800 walizopokea, zinabaki dola 1,400 za kudai.

Kwa kuwa nafuu hiyo ilikuwa ya aina inayorejeshwa, hata familia ambayo haikudaiwa kodi yoyote mwaka huo ililipwa kiasi chote taslimu.

Masharti ya mtoto

Ili mtoto ahesabiwe, ilibidi kwanza awe mtegemezi wa mzazi katika ritani ya mwaka 2021. Kwa kawaida mtoto anatakiwa awe ameishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka, sharti ambalo kwa haraka linaonekana kumfungia nje mtoto aliyezaliwa Oktoba au Desemba.

Lakini kanuni za kodi za Marekani zimeliona hilo. Mtoto aliyezaliwa ndani ya mwaka huhesabiwa kuwa ameishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka, iwapo nyumba ya mzazi ndiyo ilikuwa nyumba yake kwa zaidi ya nusu ya muda aliokuwa hai. Siku ambazo mtoto alilazwa hospitalini baada ya kuzaliwa huhesabiwa kama siku za nyumbani.

Kanuni hiyo inahusu pia familia zilizopatwa na msiba. Mtoto aliyezaliwa akiwa hai, hata kama aliishi kwa dakika chache tu, anaweza kuandikwa kama mtegemezi kwa mwaka huo. Iwapo alifariki kabla ya kupatiwa namba ya Hifadhi ya Jamii, wazazi huambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo au kumbukumbu za hospitali zinazoonyesha kuwa alizaliwa hai. Kwa mtoto aliyezaliwa akiwa tayari amefariki, sheria ya shirikisho hairuhusu kumwandika.

Sharti la pili lilikuwa namba. Ili mtoto apate fungu la dola 1,400, alitakiwa kuwa na namba ya Hifadhi ya Jamii, au namba maalumu ya mtoto aliye katika mchakato wa kuasiliwa, iliyotolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani, pamoja na muda wa nyongeza kama uliombwa.

Kwa watoto wanaozaliwa katika hospitali za Marekani, namba hiyo kwa kawaida huombwa hapo hapo hospitalini, mzazi anapojaza taarifa za cheti cha kuzaliwa, na kadi huletwa kwa posta. Mzazi asiyeweka alama katika kisanduku cha maombi hulazimika kwenda mwenyewe katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii akiwa na vielelezo.

Kipato kilivyopunguza haki

Si kila aliyepata mtoto alistahili kulipwa. Haki kamili ilikuwa ya mtu asiye na ndoa mwenye kipato cha hadi dola 75,000, mkuu wa kaya wa hadi dola 112,500, na wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja wa hadi dola 150,000.

Juu ya viwango hivyo fedha zilipungua kwa kasi, na zilikwisha kabisa kipato kilipofika dola 80,000, dola 120,000 na dola 160,000 kwa makundi hayo kwa mfuatano huo.

Wanandoa ambao kipato chao cha mwaka 2021 kilipanda hadi dola 155,000 wanaonyesha jinsi kasi hiyo ilivyofanya kazi. Wakiwa na mtoto mchanga, haki yao kamili ingekuwa dola 4,200. Kwa kuwa walikuwa katikati ya dola 150,000 na 160,000, haki hiyo ilipungua kwa nusu na kuwa dola 2,100. Kama walikwisha kupokea dola 2,800 kwa kutumia kipato cha chini cha mwaka uliotangulia, hawakuwa na cha kudai, ijapokuwa mtoto alizaliwa.

Jambo la faraja kwa familia kama hiyo ni kwamba haikutakiwa kurudisha dola 700 za ziada. Sheria iliruhusu hesabu iongeze tu. Haikuruhusu ipunguze kile kilichokwisha kulipwa.

Utaratibu huo ulizaa jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kwa wazazi waliotengana na kukubaliana kumwandika mtoto kwa zamu, mmoja aliyemwandika mwaka 2020 alipokea dola 1,400 za awali, na mwenzake aliyemwandika mwaka 2021 aliruhusiwa kudai dola 1,400 nyingine kwa mtoto huyo huyo. Halikuwa kosa la kisheria kwa upande wa yeyote kati yao.

Wahamiaji na watoto walioko ughaibuni

Kwa wahamiaji, swali kubwa lilihusu namba. Katika awamu ya tatu, mtoto mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii alistahili dola 1,400 hata kama wazazi wake wote wawili walitumia namba ya mlipa kodi ya ITIN, ambayo hutolewa kwa wasio na haki ya kupata namba ya Hifadhi ya Jamii. Wazazi wenyewe hawakulipwa fungu lao, lakini mtoto hakuadhibiwa kwa hali yao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chini ya sheria ya Machi 2020, wanandoa waliojaza ritani ya pamoja walikosa fedha zote iwapo mmoja wao alikuwa na ITIN, isipokuwa familia za wanajeshi. Sheria ya Desemba 2020 ililegeza sharti hilo na kuruhusu madai ya nyuma.

Kwa upande mwingine, mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu wakati baba yake akifanya kazi Minneapolis au Houston hakuingia katika hesabu kwa sababu tu baba anatuma fedha za matunzo kila mwezi. Mtegemezi anatakiwa kuwa raia wa Marekani au mkazi wa nchi hiyo kwa mujibu wa sheria za kodi, au mkazi wa Canada au Mexico. Aidha, kwa nafuu nyingi za watoto, anatakiwa kuwa ameishi chini ya paa moja na mzazi anayedai.

Mtoto aliyezaliwa nje na kurithi uraia wa Marekani kutoka kwa mzazi wake hukidhi sharti la uraia, lakini bado huhitaji kuandikishwa ubalozini na kuombewa namba ya Hifadhi ya Jamii.

Si mara ya kwanza

Utaratibu huu haukubuniwa wakati wa korona. Februari 13, 2008, Rais George W. Bush alisaini sheria ya kuchochea uchumi iliyotoa hadi dola 600 kwa mtu mmoja, dola 1,200 kwa wanandoa na dola 300 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 17.

Malipo hayo yalitumia ritani za mwaka 2007. Familia iliyopata mtoto mwaka 2008 haikupokea dola 300 za mtoto huyo katika hundi ya awali, bali ilitakiwa kuzidai katika ritani ya mwaka 2008, iliyojazwa mapema mwaka 2009. Vivyo hivyo, mtoto aliyezaliwa mwaka 2020 aliwapa wazazi wake haki ya kudai hadi dola 1,100, yaani dola 500 za awamu ya kwanza na dola 600 za awamu ya pili. Muda wa kudai fedha hizo ulikwisha Mei 17, 2024.

Waliokosa ni akina nani

Kundi la kwanza ni la wale ambao hawakujaza kabisa ritani ya mwaka 2021 kwa kuwa kipato chao kilikuwa kidogo na sheria haikuwalazimisha kujaza. Wengi wa namna hiyo huamini kuwa asiyedaiwa kodi hana sababu ya kuwasiliana na IRS. Imani hiyo ndiyo iliyowagharimu, kwa sababu nafuu inayorejeshwa hulipwa hata kwa asiyedaiwa senti moja.

Hasara ya kundi hili haikuishia katika dola 1,400. Kwa mwaka 2021 pekee, nafuu ya kodi ya mtoto ilipandishwa hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na ililipwa kikamilifu hata kwa mzazi asiye na kipato aliyeishi Marekani kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mzazi wa mtoto aliyezaliwa mwaka huo ambaye hakujaza ritani aliacha hadi dola 5,000 mezani.

Kundi la pili ni la waliojaza ritani lakini wakaacha mstari wa 30 wazi au wakaandika sifuri. Hawa waliokolewa kwa sehemu kubwa. Desemba 2024, IRS ilitangaza kuwa baada ya kupitia kumbukumbu zake ilibaini takriban walipa kodi milioni moja wa aina hiyo, na kwamba ingewatumia moja kwa moja jumla ya dola bilioni 2.4, bila wao kuhitaji kujaza fomu nyingine. Malipo hayo yalipangwa kufika ifikapo mwishoni mwa Januari 2025.

Kundi la tatu ni la waliokosea hesabu. Baadhi walisahau kiasi walichokwisha kupokea na kudai fedha zote upya. IRS ililinganisha madai yao na kumbukumbu zake, ikayarekebisha, na marejesho yao yakachelewa. Barua iliyoonyesha kiasi kilicholipwa ilikuwa imetumwa kwa kila mpokeaji mapema mwaka 2022, lakini barua za serikali huishia mara nyingi katika rundo la karatasi zisizosomwa, hasa pale msomaji anapokuwa bado anajifunza lugha.

Kilichobaki kwa mzazi wa leo

Nafuu ya dola 1,400 imepita, lakini kanuni iliyo nyuma yake ingali hai: mtoto anayezaliwa Desemba 31 huhesabiwa katika kodi ya mwaka mzima.

Kwa sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, nafuu ya kodi ya mtoto ilipandishwa hadi dola 2,200 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 17 kuanzia mwaka wa kodi 2025. Katika hizo, hadi dola 1,700 zinaweza kulipwa taslimu kwa mwaka huo, kwa kutegemea kipato cha kazi kinachozidi dola 2,500. Asiye na kipato cha kazi hapati sehemu hiyo ya taslimu, tofauti na ilivyokuwa mwaka 2021.

Sharti la namba nalo limekazwa. Mbali na mtoto, mzazi anayedai, au angalau mmoja wa wanandoa wanaojaza pamoja, anatakiwa kuwa na namba ya Hifadhi ya Jamii inayomruhusu kufanya kazi. Familia ambayo wazazi wote wana ITIN haistahili tena, hata kama mtoto ni raia aliyezaliwa Marekani.

Ipo pia nafuu ya kipato cha kazi, ambayo kwa mwaka wa kodi 2025 inafikia dola 4,328 kwa familia ya kipato cha chini yenye mtoto mmoja, wakati asiye na mtoto hupata dola 649 kwa kiwango cha juu. Kwa familia ya namna hiyo, mtoto wa kwanza hubadilisha hesabu yote. Sheria hiyo ya 2025 vilevile inatoa dola 1,000 za kufungulia akaunti ya uwekezaji kwa kila mtoto raia wa Marekani aliyezaliwa kati ya Januari 1, 2025 na Desemba 31, 2028, mradi mzazi aombe.

Kwa mzazi aliyesahau kumwandika mtoto katika ritani ya mwaka uliopita, bado ipo nafasi. Fomu 1040-X hutumika kurekebisha ritani, na kwa kawaida madai ya marejesho hupokelewa ndani ya miaka mitatu tangu ritani ya awali ilipowasilishwa.

Msaada wa kujaza ritani bila malipo hutolewa na watu wa kujitolea waliofunzwa chini ya mpango wa VITA unaosimamiwa na IRS, katika maktaba na vituo vya jamii vya miji mingi. Anayeamua kumlipa mtaalamu anapaswa kuhakikisha kuwa mtaalamu huyo anasaini ritani na kuandika namba yake ya usajili, na kumkwepa anayedai asilimia ya marejesho au anayetaka fedha ziingie katika akaunti yake mwenyewe.

Zaidi ya yote, mzazi anashauriwa kuhifadhi pamoja cheti cha kuzaliwa, kadi ya Hifadhi ya Jamii ya mtoto na kila barua ya IRS, na kujaza ritani kila mwaka hata pale anapodhani hana cha kulipa. Familia zilizokosa fedha za mwaka 2021 nyingi zilikuwa na haki kamili. Kilichopungua ni ritani moja iliyowasilishwa kwa wakati.